Fundi Anajibu: Hewa ya Nairobi na Tope la Jumapili

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wapanda pikipiki wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye viwanja vya udongo vyenye matuta ya kurukia, wengi wao wakiwa watu wa ridhaa wanaojigharimia kila kitu, kuanzia petroli hadi nauli ya lori. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila balaa linaloweza kumkuta mtu katika siku mbili za mashindano.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tanga, seremala kwa kazi na mpanda pikipiki kwa mapenzi tu. Nina pikipiki ya motokrosi ya sisi 125, ya mapigo mawili na ya kabureta, niliyoinunua ikiwa imetumika. Mwezi uliopita nilikwenda nayo Nairobi kwenye mashindano ya klabu ya siku mbili. Jumamosi kulikuwa na jua na vumbi jingi. Tangu mazoezi ya kwanza pikipiki ilikataa kuchanganya: nikifungua mafuta inakohoa, inatoa moshi, na plagi nilipoitoa ilikuwa nyeusi na imelowa. Mwenzangu mmoja aliniondolea jeti kubwa ya 170, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta, akaweka ya 162, ikapata nafuu. Usiku mvua ikanyesha, na Jumapili kiwanja kizima kikawa tope. Katikati ya mbio za kwanza rejeta ilianza kutoa mvuke na klachi ikawa inateleza, nikamaliza kwa kujikokota. Nikaipeleka ikaoshwa kwa mashine ya presha hadi ikang'aa. Kwenye mbio za pili ilizima kwenye geti la kuanzia mbio, kibao cha sekunde 15 kikiwa kimeinuliwa, na haikuwaka tena. Wengine wananiambia petroli ya Nairobi ndiyo mbaya, wengine wanasema niiuze nitafute ya mapigo manne inayodhibitiwa mafuta kwa kompyuta. Mwezi ujao nataka kukimbia huku kwetu pwani. Nifanye nini?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla sijaeleza lolote, nakuomba usiiwashe pikipiki hiyo hapo Tanga mpaka uwe umeirudisha jeti ya 170, au yoyote ile uliyokuwa ukiitumia pwani bila matatizo. Jeti ya 162 iliyokuokoa Nairobi ndiyo itakayokuulia injini nyumbani, kwa kuwa itapitisha petroli kidogo kuliko inavyotakiwa na hewa nzito ya pwani. Na kwa kuwa katika injini ya mapigo mawili petroli ndiyo inayobeba oili ya kulainisha pistoni, petroli inapopungua joto ndani ya silinda hupanda na ulainishaji hupungua kwa wakati mmoja. Pistoni huvimba na kushika, na aghalabu hushika ukiwa kwenye gia ya juu na mafuta umeyafungua yote, wakati ambapo gurudumu la nyuma likijifunga ghafla mpanda hana pa kwenda ila chini. Ukishaibadilisha, rudi tuendelee.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa makadirio tunayoyatumia mafundi, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo kila injini yako ilipovuta pumzi ilipata hewa pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ile iliyoizoea Tanga. Kabureta haina namna ya kulijua hilo. Petroli inayopita kwenye jeti nayo hupungua, lakini haipungui kwa kiasi kile kile cha hewa, na matokeo yake ni mchanganyiko uliozidi petroli: moshi, kikohozi, plagi nyeusi iliyolowa. Petroli ya Nairobi haina hatia katika shauri hili. Kushuka kutoka 170 hadi 162 ni marekebisho sahihi kwa kimo kile, na huyo mwenzako anajua kazi yake. Nguvu iliyopotea baada ya hapo hairudishwi na jeti yoyote, maana injini ya namna hii hutoa nguvu kulingana na hewa inayoipata, na wenyeji wa Nairobi walikuwa na upungufu huo huo. Usiuhesabu kuwa ni ubovu wa chombo chako.

Watu wa pwani husahau pia baridi. Asubuhi ya Nairobi inaweza kuwa nyuzi 13 hali Tanga uliiacha ikiwa nyuzi 31, na kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito zaidi, tofauti hiyo peke yake hurudisha kama asilimia 6 ya uzito wa hewa. Ndiyo sababu pikipiki iliyokwenda vizuri kwenye mazoezi ya saa mbili asubuhi inaweza kuanza kumisi saa saba mchana bila mtu kuigusa. Sisemi ubadilishe jeti kila saa. Nasema plagi isomwe baada ya kukimbia kwa kasi katika hali ya hewa ile ile utakayoshindania, wala si baada ya kuiacha injini ikiunguruma kambini: kauri yake ikiwa ya hudhurungi uko salama, ikiwa nyeusi umezidisha petroli, na ikiwa nyeupe kavu zima injini mara moja.

Usijaribu kamwe kurekebisha mchanganyiko kwa kuongeza oili kwenye petroli, kama ninavyosikia vijana wakishauriana. Ukiongeza oili, kila tone linalopita kwenye jeti linakuwa na petroli kidogo zaidi, kwa hiyo unaukausha mchanganyiko badala ya kuuneemesha. Fuata kitabu cha pikipiki. Kikisema moja kwa arobaini, hiyo ni mililita 25 za oili kwa kila lita, yaani mililita 125 kwa dumu la lita 5, zikipimwa kwa chombo chenye alama na si kwa kifuniko cha chupa.

Kimo cha Nairobi kilikufuata hata kwenye matairi. Tairi ulilolijaza paundi 13 ukiwa Tanga hufika kule likisoma karibu paundi 15 na nusu, kama joto halikubadilika, kwa sababu hewa ya nje inayolibana imepungua nguvu. Kwa daladala hilo si neno, lakini katika motokrosi, ambako watu hubishana juu ya paundi moja, hapo ndipo tairi linapoacha kuuma udongo na kuanza kudundadunda juu yake. Shokomzoba za mbele nazo zina habari hiyo hiyo: nyingi zina skrubu ndogo juu kabisa ya kila mguu kwa ajili ya kutoa hewa iliyokusanyika ndani. Inua pikipiki hadi gurudumu la mbele liachane na ardhi, legeza skrubu hizo mpaka usikie pumzi ikitoka, kisha uzikaze. Zile zinazotumia hewa badala ya springi usizifanyie hivyo; hizo zina pampu yake na geji yake.

Sasa nije kwenye vumbi la Jumamosi, ambalo hukuliulizia, nami ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote uliyoyaandika. Toa kichujio cha hewa, ingiza kidole ndani ya mpira unaoelekea kwenye kabureta, ukipitishe kwenye ukuta wake wa ndani, kisha ukisugue taratibu na kidole gumba. Ukihisi oili nyembamba tupu, mshukuru Mungu. Ukihisi mchanga, hata ule laini ambao kidole kinaukisia tu, basi vumbi limekwisha kupita, na ringi na silinda zimeanza kuliwa. Pima kompresheni kabla hujajiandikisha kwa mashindano mengine. Kichujio cha sponji hufanya kazi kwa oili yake ya kunata zaidi kuliko kwa sponji yenyewe, na kikikauka hakina tofauti na ungo. Katika vumbi kama lile hubadilishwa kila unapotoka kiwanjani, si kila siku. Safiri na vitatu vilivyokwisha kupakwa oili, kila kimoja katika kopo lenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na sipendi usimamishwe mpakani kwa ajili ya kichujio. Usikioshe kwa petroli, kwa kuwa petroli hula gundi ya maungio yake; tumia dawa yake, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikikamua bila kukisokota, na ukiache kikauke kabisa kabla ya kukipaka oili upya. Ukingo wake unaokaa kwenye boksi la hewa upakwe grisi, kwa sababu vumbi hupenda kupita pembeni kuliko katikati.

Jumapili ilikuwa shauri jingine. Tope likijaa kwenye matundu ya rejeta hewa haipiti, na kwa kimo cha Nairobi maji matupu huchemka kwenye takriban nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo ulianza mbio ukiwa na akiba ndogo kuliko ya nyumbani. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima hubana presha na kukipandisha kiwango hicho, na dawa ya rejeta hukipandisha zaidi; kifuniko kilichochoka pamoja na maji ya bomba ndivyo vinavyotoa mvuke mapema. Anza na kifuniko kipya, kwani ni rahisi kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja humu. Kumbuka pia kwamba tope lililogandamana chini ya madigadi na kando ya injini huongeza kilo nyingi, injini ikalazimika kufanya kazi zaidi kwa mwendo mdogo, na mwendo mdogo ndio usioipelekea rejeta upepo.

Klachi haikuteleza kwa uzee. Katika tope mpanda huibana nusunusu kila kona ili injini isizime, pleti zikapata moto, na ule uchezaji mdogo wa waya ukaisha, hivyo hata ulipouachia mkono klachi haikujifunga kikamilifu. Dawa ya pale pale kiwanjani ilikuwa kuzungusha kirekebishi kilichopo kwenye mkono wa klachi hadi uchezaji wa milimita chache urudi; dawa ya kudumu ni kupita konani kwa gia moja chini na kuacha vidole viwili vipumzike. Sasa mwaga oili ya giaboksi kwenye karai jeupe uitazame. Ikinuka kuungua, fungua klachi, na pleti za chuma zilizogeuka rangi ya buluu usizirudishe. Ikiwa imegeuka kijivu na kupauka, maji yameingia, na mshukiwa wa kwanza ni sili ya pampu ya maji. Tazama kitundu kidogo kilicho chini ya pampu, ambacho huanza kudondosha sili inapokufa.

Kuhusu kuzima getini, nayashuku maji ya mashine ile ya kuoshea. Maji ya presha huingia chini ya kofia ya plagi, kwenye viungo vya nyaya za umeme na ndani ya boksi la hewa, kisha hutulia humo yakisubiri injini ipate moto na mtikisiko. Kati ya mbio mbili pikipiki haioshwi, inakwanguliwa. Chukua kipande cha mti, si bisibisi, ukwangue chini ya madigadi, kwenye vikanyagio na kuzunguka sproketi ya mbele. Rejeta peke yake ndiyo inayomwagiwa maji, tena kwa upole, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili tope litoke lilikoingilia. Kama ni lazima kuosha, ziba boksi la hewa kwa kifuniko chake na mdomo wa eksozi kwa kizibo, na baada ya kuosha toa kofia ya plagi uikaushe. Kagua pia mipira myembamba inayoning'inia kutoka kwenye kabureta. Hiyo ndiyo inayoliwezesha bakuli la kabureta kupumua, na ncha zake zikizibwa na tope petroli huacha kushuka sawasawa, injini ikafa bila sababu inayoonekana. Mafundi wengi hutoboa kitundu kidogo juu ya kila mpira ili upate pa kupumulia tope linapoziba chini. Kwa kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, kibao cha sekunde 15 hushikiliwa sekunde zote, kisha huinuliwa cha 5, na geti huanguka kati ya sekunde 5 na 10 baadaye, kwa hiyo ulikuwa na nafasi ya kiki kadhaa, lakini plagi iliyolowa haiwashwi kwa kiki kadhaa.

Usiiuze. Pikipiki yenye kompyuta ya mafuta ina kipimo cha presha ya hewa na ingejirekebisha yenyewe kwa kimo cha Nairobi, nakubali, lakini vumbi lingeingia vile vile, rejeta ingeziba vile vile, na klachi ingeungua vile vile. Tena siku injini ya mapigo manne itakapohitaji kufunguliwa, vali na kila kinachozizunguka vitadai fedha ambazo kwa mapigo mawili hununua pistoni na ringi mara kadhaa. Kilichokushinda ni kimo, vumbi na tope, navyo vinawangojea wote wanaofika pale, wa mapigo mawili na wa mapigo manne.

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni katibu wa klabu ndogo ya motokrosi karibu na Kampala. Kiwanja chetu ni cha udongo mwekundu. Tukimwagilia kwa boza asubuhi ya mbio, wapanda wanaanguka na kutulaumu kwa utelezi. Tusipomwagilia, baada ya mizunguko mitatu hakuna anayemwona wa mbele. Mvua ikinyesha usiku ndiyo kabisa. Tunakosea wapi?
*Katibu, Uganda*

JIBU: Ndugu Katibu, maji yenu yanakuja yamechelewa. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi, ukiwa mgumu na mkavu, hauyanywi maji yanayomwagwa kwa haraka. Unayaacha yatulie juu, ukapata utando wa tope usiozidi unene wa ukucha juu ya ardhi ngumu, na hakuna tairi linaloweza kushika hapo. Baada ya muda mfupi jua linaukausha utando huo, na vumbi linarudi kana kwamba boza halikuja. Kwa hiyo mnapata ubaya wa mvua na ubaya wa kiangazi katika asubuhi moja.

Kazi ya maji ianze siku mbili kabla. Trekta lipite na haro au meno ya kuchimbulia, likiufungua udongo kina cha sentimeta 15 hadi 20 katika kona na sehemu zilizonyooka, kisha boza limwage taratibu, mara nyingi na kidogo kidogo, jioni, wakati jua haliyanyang'anyi maji. Siku inayofuata chimbueni tena na mmwagilie tena. Mkichukua bonge la udongo wa kina cha kiganja na kulikamua mkononi, linapaswa kushikamana bila kuacha tope kwenye vidole; likiacha tope mmezidisha, likivunjika unga bado. Asubuhi ya mbio boza linyunyize tu, kati ya mbio na mbio, kwenye sehemu zilizonyooka na kwenye maingilio ya kona. Usimwagilie uso wa tuta la kurukia wala mahali pa kutua dakika za mwisho kabla ya mbio, kwa kuwa hapo ndipo mpanda asipoweza kubadilisha nia yake. Mkipata maganda ya mpunga au takataka za mbao kwa bei nafuu, changanyeni kwenye udongo wa kona. Huyashika maji na kuufanya udongo ule uwe mlaini kwa muda mrefu zaidi. Usimwage kifusi chenye kokoto kwa kisingizio cha kuzuia tope, kwani jiwe lililorushwa na tairi la mbele yako linafika usoni kwa kasi ya kutisha.

Mvua inataka kinyume cha hayo yote. Mkiona wingu la jioni, msiache kiwanja kikiwa kimechimbuliwa, maana kitakunywa kila tone na asubuhi mtakuwa na shamba la mpunga. Kizibeni: greda au bamba la trekta lipite likikandamiza na kulainisha uso, ili maji yateleze kuelekea kwenye mitaro ya pembeni, ambayo lazima iwe imesafishwa na iwe chini kuliko njia. Alfajiri, kabla ya pikipiki yoyote kuingia, kwangueni tope la juu na kulisukuma nje ya njia, kisha mngoje. Najua kungoja ni kugumu watu wakiwa wamekwisha kulipa ada na ratiba imebandikwa, lakini kundi moja la mazoezi likiingia kwenye tope bichi litachimba mifereji ambayo ikikauka jua la mchana huwa reli za kuvunjia miguu. Ni afadhali kufuta mazoezi ya asubuhi na kufupisha mbio kwa mizunguko miwili kuliko kukimbiza ratiba nzima kwenye kiwanja kilichokwisha kuharibika. Mkiwa na kundi la watoto wa pikipiki za sisi 65 na 85, waingizeni kwanza, kabla wakubwa hawajachimba mifereji ambayo magurudumu madogo hayawezi kutoka.

SWALI: Hujambo Fundi? Katika mbio za klabu mwezi jana nilikuta bendera ya manjano ikipungwa kabla ya tuta kubwa. Sikumpita mtu, ila niliruka kama kawaida kwa sababu nilihofia kupunguza mwendo kwenye utelezi. Nimeshushwa nafasi. Je, nilionewa?
*Mpanda, Nakuru*

JIBU: Sijambo, ndugu yangu, na hukuonewa. Bendera ya manjano inayopungwa, kwa kanuni za FIM ambazo klabu nyingi huzifuata, ina maana kwamba mbele kuna hatari: mpanda apunguze mwendo, awe tayari kusimama, asimpite mtu, na asiruke. Sharti la kutoruka ndilo wengi wanaolisahau, ingawa ndilo lenye uzito mkubwa zaidi, kwa sababu aliyeanguka mara nyingi amelala upande wa pili wa tuta, pale pale ambapo wewe ungetua bila kumwona. Utelezi haukupunguzii wajibu huo. Ardhi ikiteleza unalipandisha tuta kwa mwendo wa kutembea, magurudumu yote mawili yakiwa chini, na mwenye bendera ataona kwamba umetii. Kiasi cha adhabu hutegemea kanuni za klabu yenu, hivyo kama unaona nafasi ulizoshushwa ni nyingi kupita kanuni, lalamika kwa maandishi katika muda uliowekwa. Lakini kosa lenyewe ulilitenda.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni bodaboda wa Dodoma. Pikipiki yangu ni ya sisi 150 ya mapigo manne, nzima kabisa, na barabara za vumbi nazijua. Nikitoa siti ya abiria na keria, nikaweka matairi ya meno makubwa, naweza kuingia motokrosi?
*Bodaboda, Dodoma*

JIBU: Salaam nawe. Kuingia kwenye mazoezi pengine utaruhusiwa, ukifaulu ukaguzi wa vyombo, lakini kwa pikipiki hiyo sikushauri uruke hata tuta la kimo cha kiuno. Shokomzoba za motokrosi hushuka kama milimita 300 mbele na nyuma, zaidi ya mara mbili ya zile za pikipiki ya abiria, na fremu na rimu zake zimetengenezwa zipokee uzito wa mpanda anayetoka hewani. Yako ikitua hivyo mara chache itapinda mahali ambapo hutaona kwa macho, na Jumatatu utampakia mtu juu yake. Hilo ndilo linalonifanya nikatae. Halafu ni chombo kinacholisha nyumba.

Ujuzi wako wa vumbi na utelezi ni mtaji mzuri, kwa hiyo anza kwa kujitolea kwenye klabu iliyo karibu nawe kama mshika bendera. Utakiona kiwanja kikibadilika tangu asubuhi hadi jioni, utajua wapanda wazuri hubadilishaje njia mifereji inapozidi kina, na utasikia ni nani anayeuza pikipiki na kwa nini anaiuza. Ukienda kuangalia ya kununua, mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, kisha uishike injini kwa kiganja. Kama ina moto, amekwisha kuihangaikia iwake, nawe una haki ya kumuuliza kulikuwa na shida gani. Ishike injini hiyo ikiwa baridi na uipige kiki mwenyewe. Baada ya hapo gonga njiti za rimu moja baada ya nyingine kwa spana ndogo: iliyokazwa hutoa mlio mkali na iliyolegea hutoa mlio mfu, na zikiwa nyingi zilizolegea kwenye gurudumu la nyuma, punguza bei au uondoke. Inua pikipiki juu ya stendi, ushike gurudumu la nyuma na kulisukuma kushoto na kulia. Likicheza, beringi za gurudumu au za mkono wa nyuma zimekwisha, na hizo hubadilishwa kabla hujaingia kiwanjani hata kwa mazoezi.